Nyumba Iliyopona

Siku ile mjinga alikuwa Gaspard, na yeye mwenyewe hakatai. Mtu aliyekula jua la Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi, miaka kumi na mmoja, akataniana na askari, na njaa, na foleni ya unga, alishindwa kutambua matanga.

Kazi yake ilikuwa kupita na tableti kwenye nyumba ambazo shirika liliziezekea mabati na kuzimwagia sakafu ya saruji, akiuliza kama afya ya wenyeji imebadilika. Nani anakohoa? Mnalalaje? Majirani wanawatembelea? Nyumba yenye majibu mazuri iligeuka kijani kwenye kioo, ikahesabiwa kuwa imepona. Zile nyekundu zingerudiwa na mafundi kabla ya mvua kubwa.

Kwa Vénérande, mama wa Kirundi muuza nyanya, alikuta viti uani, watu wamevaa vizuri, pombe ya mahindi inapita mkono kwa mkono. Kwao Gaspard, Bukavu kule Kongo, ukipata nyumba unaita watu, mnaiombea, mnakula. Gaspard akaona amefika penyewe.

"Ee, Mama Kaneza! Munabariki nyumba na hamuniite? Na mi njo niliandikisha haya mabati!"

Watu wakamtazama tu. Akadhani ni haya ya kutomwalika. Akavuta kiti.

"Swali moja, kisha munipe kikombe. Zamani mulikuwa na mutu mumoja mwenye kukohoa. Sasa beko bangapi?"

"Hakuna," Vénérande akajibu, polepole.

"Hakuna! Munaona? Bati ni munganga!"

Akabonyeza, akatuma. Kijani.

Ndipo mzee mmoja, Nahayo, akasimama na kikombe, akatangaza kwamba leo wanamaliza kumlilia mdogo wake Niyongabo, mume wa Vénérande, aliyeondolewa na kifua. Kesho mjane anaweza kurudi sokoni. Kikombe kikapita, kikamfikia Gaspard. Kilikuwa kizito kama jembe.

Vénérande hakumgombeza. Wageni walipotawanyika alimwingiza ndani, akafunua mkeka. Saruji ilikuwa imepasuka katikati, na mvua ya juzi bado imetulia kwenye ufa, nyeusi, inanuka.

"Papa Kaneza njo alikuwa analala hapa," alisema. "Sasa analala mutoto, Kaneza. Ondoa hiyo kijani, mafundi bakuje."

Haikuondoka. Kilichokwisha kutumwa kilifunguliwa ofisi kuu ya Lilongwe tu. Kwa hiyo Jumatatu walikwenda wote wawili, na barua ya ruhusa ya kutoka kambini, Vénérande akiwa na viatu vya kanisani.

Msimamizi wa takwimu alikuwa Madame Carelle, mtoto wa Bukavu kama Gaspard. Alisikiliza hadi mwisho bila kuondoa macho kwenye kompyuta.

"Gaspard, ni we uliandika?"

"Ni mi. Niliandika kama mupumbavu, Madame."

"Upumbavu hauna nafasi yake kwenye fomu."

"Basi mungeniweka mi kwa nafasi ya anwani, upumbavu unakaa kwangu," alisema Gaspard. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Carelle akamgeukia mjane. "Mama, pole sana, sikatai kilio chako. Lakini fomu inauliza bakohozi. Mbele ya kuweka mabati, mumoja. Sasa, hakuna. Nyumba imepona. Nikifungua yako, kesho bote banakuja kufunguliwa, na rapoti inaenda Ijumaa."

"Madame, huyo mumoja alikufa!" Gaspard akapaza sauti. "Hakupona, alikufa! Na mutoto analala kwa maji yaleyale!"

"Mutoto anakohoa?"

Gaspard akamtazama Vénérande. Vénérande akatikisa kichwa: bado.

"Unaona?" Carelle akasema, kwa upole kabisa. "Hakuna mukohozi."

Vénérande akasimama, akakaza kitenge chake kiunoni.

"Basi mungojee Kaneza naye aanze kukohoa, Madame, halafu akufe. Hapo nyumba yenu itapona mara mbili."