Sura Uliyoiruka Makaburini

Vumbi la Bunia ni jekundu, Ambroise, na huingia kila mahali: kwenye unga, kwenye mashuka, kwenye kurasa za Biblia yako. Ndilo ulilolishika kiganjani siku tulipomzika binti yetu Noëlla, aliyechukuliwa na surua. Ulisoma habari ya nyoka na tunda. Kisha ukaongeza maneno yako mwenyewe, kwamba kifo kiliingia duniani kwa mkono wa mwanamke, na macho ya ukoo wako wote yakanigeukia.

Tangu siku hiyo hukuniita tena mama Noëlla. Uliniita Kavira, kama mgeni aliyekuja kuomba maji. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe ulilala, mimi nilibeba.

Leo basi. Pale chuo cha uchungaji, sisi wake wa wanafunzi tulikuwa tunashona upande huu, ninyi wachungaji wa kesho mnasoma upande ule, katikati ukuta wa mbao tu. Nikasikia chaki ikikwaruza. Nikasikia mwalimu akisema kwamba hadithi ya kuumbwa si moja, ni mbili zilizowekwa pamoja. Katika moja, mtu anafinyangwa kwa mavumbi, mwanamke anakuja nyuma, halafu nyoka. Katika nyingine, ile ya ukurasa wa kwanza, mume na mke wanaumbwa pamoja, na Mungu anatazama anaona vyote ni vyema. Hakuna nyoka. Hakuna wa kulaumiwa.

Wataalamu bado wanabishana, akasema. Wengine wanaona ukurasa wa kwanza uliandikwa karne nyingi baada ya ule wa nyoka, uhamishoni Babeli. Wengine wanashikilia kwamba ni mkono mmoja, uliosimulia mara mbili.

Sindano ilinichoma kidole na sikuihisi. Nilipigwa na butwaa, Ambroise. Miaka yote hii nimelala na nyoka kitandani, kumbe kulikuwa na ukurasa wa kwanza, na wewe uliuruka.

Ulirudi nyumbani na vumbi la chaki kwenye koti, sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ikapoa mbele yako.

"Kavira, kama hadisi iko mbili, mi nitahubiria watu gani?"

"Ya wataalamu mi sijue. Lakini pale kwa kaburi ulisomaka moja tu. Juu ya nini uliruka ile ingine?"

Ulisukuma sahani kando. Nami niliogopa, maana Kitabu kikitikisika, mtoto wangu yumo humo ndani, anangoja kufufuka.

Ukachukua Biblia, ukashika njia ya makaburini. Ulitangulia, mimi nyuma, kama kawaida yetu.

Pale kaburini ulisoma ukurasa wa kwanza. Ulipofika pale wanapoumbwa pamoja, ukapiga magoti. Nikapiga magoti kando yako.

"Mama Noëlla," ukasema.

Tulirudi sambamba, vumbi jekundu magotini kwako, vumbi jekundu magotini kwangu, na hakuna aliyelipangusa.