Valvu Iliyofungwa Jumatatu

Tangu asubuhi Yixin alikuwa hakaliki. Anakaa, anainuka, anatazama saa. Zilibaki saa mbili tu kabla ya mtambo wa maabara kukabidhiwa kundi jingine la watafiti, na kesho Mwalimu Dou, msimamizi wake, angekwenda mji wa Xi'an kuwasomea wanasayansi wenzake matokeo yake yeye Yixin: kwamba vishada vya molekuli za maji vyenye chaji, vikirushwa kwa kasi vikagonga gesi, huvunjika kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Udaktari wake wote ulisimama juu ya hilo.

Kipimo kimoja kilikuwa bado: kufunga gesi na kurusha vishada patupu. Visipovunjika, basi ni gesi iliyokuwa ikivivunja. Watu hupima hivyo siku ya kwanza. Yeye aliahirisha siku tatu, maana muda wa mtambo ni wa kugombania, na alikuwa na hakika. Hakika hiyo ndiyo iliyomponza.

"Dada mdogo, unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga," alisema Kaka Qiao, mwanafunzi aliyemtangulia miaka miwili kwa mwalimu huyo huyo. Alikaa mlangoni na bakuli la tambi za nyama. "Njoo ule, zinapoa."

"Kula wewe. Wewe na hilo bakuli mmeshaoana."

Akaenda nyuma ya mtambo, akashika valvu ya gesi aifunge. Haikuzunguka. Akakaza tena. Kumbe ilikuwa imefungwa tayari.

Ni yeye aliyeifunga Jumatatu, alipokuwa akisafisha bomba. Siku tatu ameandika "gesi wazi" daftarini bila kuinuka kwenda kutazama. Vishada havikugongwa na gesi yoyote. Vilitoka kwenye chanzo vikiwa vya moto mno, vikavunjika vyenyewe njiani.

Alitamani aifungue kimyakimya, ionekane ilikuwa wazi siku zote. Nani angejua? Akampigia Mwalimu simu kabla hajapata muda wa kujishauri, akamweleza yote.

Mwalimu Dou akauliza taratibu, "Nani mwingine anajua?"

Yixin akaziba simu kwa kiganja. Alimchukia mwalimu wake kwa swali lile, kwa kuwa yeye mwenyewe alishajiuliza kwanza.

"Kaka Qiao," aliita, "valvu ya gesi ilikuwa imefungwa tangu Jumatatu. Matokeo yangu yote ni bure."

Qiao akaacha kutafuna.

Yixin akarudisha simu sikioni. "Kaka Qiao anajua, Mwalimu."