Mbege Isipoota

Ndoo ilikuwa kimya. Vicky aliinama akatega sikio kwenye mfuniko, jua likimchoma shingo, na hakusikia hata pumzi. Mbege, pombe ya ndizi ya kwao, ikiwa hai husikika. Huchemka yenyewe bila moto, ikatoa povu na kunung'unika kama mtu aliyenyimwa chakula. Hii ilikuwa imelala doro juu ya paa la ghorofa lao la Mtaa wa Msimbazi, na alasiri hiyo hiyo baba yake mkubwa, Mzee Elimringi, alikuwa anakuja kuinywa.

Utasema, si Ilala kuna vilabu, wakanunue? Hapo ndipo penye mwiba. Elimringi ana mdogo wake, Kasmir, baba yake Vicky. Mama yao alipofariki kule Kibosho, Moshi, Kasmir alichelewa kwa sababu ya duka lake la spea mtaa wa Gerezani, akafika kaburi limeshafukiwa. Elimringi alimwambia mbele ya ukoo: "Sitakunywa na wewe mpaka upike mbege nyumbani kwako mwenyewe." Kwao ndugu waliokosana hupatana kwa kunywa kata moja ya mbege, na anayepika ni mkosaji. Kasmir alikubali. Kisha ikaja biashara, kikaja kiburi, ikapita miaka. Sasa Elimringi ameletwa mjini kwa matibabu, na daktari amemwambia arudi nyumbani akapumzike. Watu wazima wanajua maana ya maneno hayo. Angepita leo, na kesho yake apande basi la Moshi.

Kwa kuwa Kasmir hawezi kuchemsha hata chai, kazi ilimwangukia Vicky, muuza vitenge wa Kariakoo aliyezaliwa mjini na kuijua mbege kwa kuionja harusini tu. Shangazi yake Evarista alimfundisha kwa simu huku wateja wakimvuta mkono. Chemsha ndizi mbivu, ziache zichachuke, chuja. Pika uji wa ulezi, changanya, tia msesewe kidogo, lile gamba chungu la mti. "Halafu Vicky, hakikisha mbege imeota vizuri. Isipoota itakataa."

Vicky alifuata kila neno. Sasa alipofunua mfuniko, uji ulikuwa umetuama chini kama zege, na harufu ya siki ikampiga puani.

"Imekufa?" aliuliza Anifa, jirani yake kutoka Lindi, aliyekuwa anaanika nguo.

"Sijui. Haichemki."

"Mimi pombe siijui, shoga, dini yangu hairuhusu. Ila maandazi yakigoma tunatia hamira."

Mfa maji haachi kutapatapa. Vicky akatia pakiti nzima. Haukupita muda ndoo ikaamka kwa hasira, povu likafura likamwagikia kanga za Anifa, kisha likanywea. Ikabaki harufu ya siki na maandazi. Hapo akampigia shangazi, jambo alilokuwa analikwepa tangu asubuhi.

"Mbege yenyewe iliota?"

"Imeota sana, shangazi. Nimeiweka juani tangu juzi, inaota kutwa."

"Umeweka nini juani?"

"Mbege. Ndoo yote."

"Yesu wangu. Vicky, huku kwetu ulezi ndio tunaita mbege. Punje ziote, zitoe mizizi, ndipo usage upike uji. Wewe umeipeleka pombe ikaote jua kama mjusi?"

Vicky alitaka kucheka, machozi yakatangulia. Unga wake ulikuwa wa dukani, wa uji wa watoto, haujaota chochote. Na muda wa kuanza upya haukuwepo.

Kasmir alisikiliza habari hiyo akiwa kwenye kochi.

"Nenda Ilala," alisema bila kumtazama. "Nunua. Tutasema ni yetu."

"Baba, atajua."

"Atajulia wapi? Mgonjwa yule."

Vicky alipanda bodaboda, akarudi na dumu. Ilikuwa mbege safi yenye povu zuri, na kila alipoitazama alijisikia mwizi. Akaliweka dumu jikoni kando ya ndoo.

Elimringi alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa. Koti lilikuwa limemzidi mwili.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako amepika?"

"Anakuletea mwenyewe."

Vicky alimkuta baba yake jikoni na kata mkononi. Kasmir alilifungua dumu, akaliinamisha, mkono ukagoma. Sebuleni kikohozi cha kaka yake kilikuwa hakikomi. Akalifunga dumu, akazamisha kata kwenye ndoo.

"Baba, hiyo hainyweki," Vicky alinong'ona.

"Ndiyo ya kwetu."

Mbele ya kaka yake, Kasmir alionja kwanza, kama desturi inavyotaka, ili mnywaji ajue hamna sumu. Uso ukamkunjika, akameza. Akamkabidhi kata kwa mikono miwili. Elimringi akanywa, akaipakata kata mapajani.

"Nani kaharibu ndizi za watu namna hii?"

"Sisi. Hapa hapa nyumbani."

"Siki tupu."

"Najua, kaka. Kuna nzuri ya kununua huko jikoni. Nilitaka kukudanganya nayo."

"Nilisema upike," Elimringi alisema polepole. "Sikusema ujue kupika." Akanyoosha kata. "Jaza tena."

Kasmir akaileta ndoo sebuleni, akajaza, nyingine ikamwagikia magotini. Wakapokezana kata hiyo moja, nyuso zimekunjamana, wala hakuna aliyeomba ile ya dumu.

"Kesho naenda na wewe Kibosho," Kasmir alisema.

"Na duka?"

"Nalifunga."

"Mpaka lini?"

Kasmir akajaza kata, akampa kaka yake.

"Hutalifunga siku nyingi, daktari ameshasema," Elimringi akasema, akanywa, akampokeza kata.