Birika Chini ya Shuka

Saa tatu na dakika nne asubuhi, Jumanne, mama mkwe wa Mureithi alipita ukumbini kuelekea bafuni akiwa amejifunga shuka zito. Chini ya shuka kulikuwa na kitu kinachofuka mvuke.

Mureithi, mchambuzi wa mikopo katika benki moja ya Sandton, Johannesburg, alikuwa akifanyia kazi nyumbani wiki hiyo. Aliinuka, akaenda jikoni. Birika la umeme halikuwepo.

"Jeptoo," alimwambia mkewe, "mama yako ana birika bafuni."

"Najua."

"Jana alisema maji ni mazuri."

"Jana ulimuuliza wewe. Ulitaka akujibu nini? Mama mzima akae kumsimulia mkwewe habari za kuoga kwake?"

Bi Chepngetich alikuwa amefika kutoka Eldoret siku tisa zilizopita ili kumsaidia binti yake, ambaye alibakiza wiki tatu kujifungua mtoto wa kwanza. Ahadi ilikuwa akae mpaka mtoto atimize siku arobaini. Lakini baridi ya Julai ya Johannesburg ilikuwa imemwingia magotini, na tangu Jumapili jioni sanduku lake lilikuwa wazi kitandani. Alikuwa ameanza kutaja ng'ombe wake.

"Ameniomba nimwangalizie ndege ya Alhamisi," alisema Jeptoo. "Nimemkatia tiketi, Mureithi. Nifanyeje? Siwezi kumzaa mtoto huku mama yangu anatetemeka."

Mureithi alichukua kipimajoto cha nyama na daftari.

Alikuwa ameanza kupima alfajiri hiyo, na vipimo vilikuwa vichache. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, alipooga yeye, maji yalikuwa na nyuzi hamsini na mbili. Sasa, baada ya mama kutoka, bomba lile lile la moto lilitoa maji ya nyuzi ishirini na tatu. Ijumaa iliyopita fundi alikuwa amebadilisha koili ya tangi la hita lililoko darini, akanawa mikono, akasema "Sharp!", yaani mambo safi, na kuondoka. Nyumba ilikuwa ya zamani, ya ghorofa moja, kama nyingi za mtaa wao wa Troyeville, saluni chini na wao juu, na tangi lilikuwa hilo moja tu kwa wote.

Dhana ya kwanza: yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiyamaliza maji ya moto. Jumatano hakuoga.

"Kumbe sayansi inanuka hivi," Jeptoo alisema wakati wa chai.

Saa tatu na robo: nyuzi ishirini na nne. Dhana ya kwanza ilifutwa kwa mstari mmoja.

Alipanda darini. Bomba linalotoka kwenye tangi lilikuwa la moto kiasi cha kutoshikika. Tangi halikuwa na kosa. Akafunga vali ya kuingizia maji baridi. Maji ya moto hutoka tangini kwa kusukumwa na maji baridi yanayoingia, kwa hiyo bomba la moto la bafuni lilipaswa kukauka.

"Yamekatika?" aliuliza kupitia tundu la dari.

"Wapi! Yanamwagika!" Jeptoo alijibu kutoka bafuni. "Na ni ya baridi, baridi ya Limuru tupu!"

Basi maji baridi yalikuwa yakiingia kwenye bomba la moto kupitia mahali pengine. Palikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo: saluni ya Brigitte, chini.

Brigitte, msusi kutoka Lubumbashi, alikuwa akimpaka mteja dawa. Kwenye sinki la kuoshea nywele, mabomba yote mawili, la moto na la baridi, yalikuwa wazi kabisa. Maji hayakutoka kwa sababu shawa ya mkononi ilikuwa na kitufe, na kitufe kilikuwa kimefungwa.

"Dada Brigitte, haya mabomba huwa wazi tangu saa ngapi?"

"Tangu saa mbili, Papa Mureithi. Mi natafuta joto ya muzuri mara moja tu, kisha nafungia hapa, na kidole. Mpaka mangaribi. Nikifunga na kufungua kwa kila kichwa, mteja atalia: mara moto, mara baridi. Kichwa si sufuria."

Mureithi alieleza. Maji baridi ya mtaani yana nguvu kuliko ya tangi. Yakikuta shawa imefungwa na mabomba yote mawili wazi, huvuka upande wa moto na kupanda hadi bafuni.

"Voilà! Kumbe maji yangu ndiyo inapanda kuogesha mama mkwe wako?"

"Ndiyo. Na kesho anaondoka kwa sababu yake."

Mteja alinyanyua kichwa. "Kidole kimoja kinafukuza mama mkwe? Dada, nifundishe na mimi!"

Brigitte alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akayafunga mabomba, la kwanza, la pili. "Mi nitafunga hapa juu mpaka fundi alete vali za njia moja. Lakini ni kwa heshima ya mama. Si yako."

Alhamisi, saa tatu kasoro dakika kumi, Mureithi aliliteremsha birika saluni. Jeptoo alimwambia mama yake kwamba limeazimwa. Bi Chepngetich aliingia bafuni mikono mitupu.

Saa tatu na dakika sita: bomba lilifunguliwa.

Saa tatu na dakika saba: "Jeptoo! Mwambie mume wako maji yananiunguza!"

Mureithi, aliyesimama ukumbini, aliandika. "Mwambie afungulie na ya baridi," alinong'ona.

"Anasema ufungulie na ya baridi, mama!"

"Nimesikia. Mwambie sijasikia."

Alikaa humo dakika thelathini na nne. Saa nne na dakika mbili teksi ya uwanja wa ndege ilipiga honi getini. Bi Chepngetich, shuka begani, alimtazama binti yake, si mkwewe.

"Mwambie mume wako amrudishe dereva. Ng'ombe wana watu."

Saa nne na robo sanduku liliwekwa ukumbini, nje ya mlango wa chumba chake, lipandishwe juu ya kabati. Mureithi alipiga goti na kulishika kwa mikono miwili, akijiandaa kwa kilo ishirini. Lilikuwa tupu.