Ndevu za Arobaini

...siku tisini, siyo miezi mitatu, tisini, ndani ya kila siku mia na themanini, na wewe unataka kumi tu, kwa hiyo ukiulizwa sema kumi, usiseme wiki moja na kitu, wale watu hawaipendi hiyo "na kitu", ndivyo alivyosema jirani yake Nanuli, na Jumberi amesimama nyuma ya mstari wa njano katika uwanja wa ndege wa Bari, ugenini, bahasha ameibana kifuani, anahesabu waliomtangulia, wanne, hapana, watano, yule mtoto naye ana pasipoti yake, watano kabla ya kile kibanda cha kioo na afisa aliyeketi ndani yake, kijana wa nywele fupi asiyeinua kichwa ila mara moja kwa kila mtu, mara moja tu, kama anayeonja mchuzi, kumi, siku kumi, tiketi ya kurudi kwao Kutaisi hii hapa, bima ya safari hii hapa, karatasi ya hoteli hii hapa, barua ya kazini hii hapa, inayosema kwamba Jumberi ni fundi wa lifti kwa mwaka wa ishirini na sita sasa na kwamba anatarajiwa kazini Jumatatu baada ya hizo kumi, na kweli anatarajiwa, lifti ya jengo namba saba itagoma kabla ya keshokutwa, ile inamjua, inangoja tu isikie harufu ya safari... na viza hakuna, hilo ndilo bado linamshangaza, kwamba mtu anaamka asubuhi, anakunywa chai, anapanda ndege na kitabu kidogo chenye kichipu ndani yake, hapangi foleni ubalozini, hampigii magoti mtu yeyote, wakati Lamara, mke wake, alipoondoka miaka kumi na mmoja iliyopita, alipitia kwa dalali, siku nne ndani ya basi dogo pamoja na wanawake kumi na wanne, miguu ikamvimba hata akashuka na viatu mkononi, akashukia hapa hapa Bari, akaingia nyumba ya kwanza waliyomwonyesha, kumtunza bikizee wa watu, na hakutoka tena, maana asiye na karatasi akitoka harudi.

Foleni haisogei. Mama wa yule mtoto anapekua mkoba, anatoa chupa ya maziwa, anatoa kofia, anatoa kila kitu isipokuwa kinachotakiwa, na nyuma ya Jumberi msichana mmoja wa kwao anamnong'oneza mwenzake, "mjomba huyu anatetemeka, muone mgongo," na mwenzake, "mwache, labda baridi," baridi gani mwezi wa saba, Jumberi anajisemea, ni shati tu limeloa... na Nanuli alikwisha kumwonya, usitoke jasho, kana kwamba jasho lina masikio, lakini Nanuli anajua, Nanuli ni profesa wa mambo haya kwa ngazi yao yote pale mtaani, tangu aliporudishwa, alikwenda kumwona dada yake katika mji mmoja wa kaskazini, kila kitu mkononi, afisa akamuuliza umekuja kufanya nini, naye kwa moyo mweupe akajibu, nimekuja kumwona dada yangu, kumsaidiasaidia kidogo, basi, hiyo "kumsaidiasaidia" ikamrudisha na ndege ile ile, kiti kile kile, hata hajanawa uso, na tangu siku hiyo hakuna anayesafiri kutoka jengo lao bila kuketi kwanza jikoni kwa Nanuli na kuhojiwa. "Umekuja kufanya nini?" "Kutembea." "Kutembea wapi? Usinitazame mimi, tazama kioo!" "Kanisa la mtakatifu. Bahari." "Unamjua mtu hapa?" "Namjua..." "Humjui mtu! Jumberi, nitakupiga na mwiko, humjui mtu yeyote mji mzima!" Jibini usibebe, maziwa na nyama havivuki, aliwaona waliolia mbele ya pipa na jibini ya mama zao, basi hakubeba jibini, alibeba unga wa mahindi kilo mbili na vile vitamu vya kwao, karanga zilizotungwa kwenye uzi na kuchovywa katika juisi nzito ya zabibu kama mishumaa, na hilo Nanuli aliliruhusu baada ya kufikiri sana, akasema unga si kosa, unga ni ujinga tu.

Lakini hakuuliza picha. Yote hayo aliyauliza, picha hakuuliza, mpaka leo asubuhi, gari linangoja chini, akasema nipe hiyo pasipoti niangalie tarehe, akaifungua, akapiga ukelele hata mtu wa ghorofa ya tatu akachungulia. "Huyu nani?" "Mimi." "Huyu ni mtawa wa milimani! Huyu ameshuka na mbuzi!" "Nilikuwa msibani, Nanuli." "Ulikuwa msibani siku arobaini, hapa umekuwa msibani miaka kumi, maana kitabu hiki ni cha miaka kumi, mwanamume wewe, ulikuwa na akili gani?" Akili gani, akili ya mfiwa, mama mkwe wake Vardo alikuwa na wiki tatu tu kaburini, na mwanamume aliyefiwa hanyoi kabla ya arobaini, hilo hata walevi wa mtaani wanalishika, na yule binti wa dirishani, siku aliyokwenda kuomba pasipoti, alimwambia kwa upole, "mjomba, picha hii utakaa nayo muda mrefu, kwa nini usingoje unyoe?" "Arobaini haijafika, binti yangu." "Basi njoo siku ya arobaini na moja." Naye akasema, siku ya arobaini na moja huenda ujasiri umekwisha, piga picha, akampiga, ndevu mpaka kwenye mifupa ya mashavu, macho mekundu, shati jeusi, na sasa yuko hapa na mashavu laini kama ya bwana harusi, amenyoa mara mbili kwa ajili ya Lamara, na kitabu mkononi mwake ni cha mtu mwingine. "Zioteshe!" Nanuli alisema. "Kwa saa tatu za ndege?" "Basi fanya uso ule ule. Usicheke. Huyu wa kwenye picha hacheki. Ukifika dirishani, fanya uso wa msiba."

Uso wa msiba. Anaujaribu sasa, hapa kwenye mstari, anashusha mashavu, anakaza kidevu, na mara haumo tena usoni, uko kifuani, Vardo amekaa pale kitandani na mito mitatu mgongoni, upande mmoja wa mwili umekufa na ulimi uko hai kuliko zamani, miaka miwili na nusu Jumberi alimwosha, alimgeuza, alimlisha kwa kijiko, na yeye akimfundisha kupika kwa kupiga kelele kutoka chumbani, "Jumberi, mnaunguza vitunguu huko!", mimi na nani, mama, niko peke yangu, "basi unaunguza peke yako!", na wanaume wa uani wakiita dirishani, Jumberi, vua aproni uje tucheze nardi, dadu zinakungoja, au mama mkwe hajatoa ruhusa, naye akicheka nao, siku nyingine hacheki, na simu kila jioni imeegemezwa kwenye bakuli la sukari, Lamara ndani ya simu na nyuma yake ukuta wa nyumba ya watu, "kala?", "kala," "kanywa dawa?", "katukana kwanza, kisha kanywa," na Lamara akicheka kwa mkono mdomoni kwa sababu nyuma ya ukuta ule Bi Addolorata, yule bikizee wake, amelala, na Jumberi, aseme kweli, alimchukia yule bikizee asiyemjua, kila jioni, kidogo kidogo, aliona kama yeye ndiye aliyekula ile miaka, kajuza ka Bari, mke wa mtu anakuogesha wewe wakati mama yake anaogeshwa na fundi wa lifti, huu mpango gani, nani aliupanga... na njia ilipofunguliwa, ilipotangazwa kwamba sasa ni pasipoti tu, majirani walipiga makofi kwenye ngazi, yeye hakupiga, angemwachia nani Vardo, njia ilikuwa wazi na mlango wa chumba kile ulikuwa umemfunga... na ile asubuhi ya mwisho, mvua nje, alikuwa anamfuta mikono kwa kitambaa cha moto, Vardo akafungua macho, akamtazama vizuri kabisa, akauliza, "Lamara, umerudi?" na Jumberi akasema, nimerudi, mama. Alisema hivyo. Hakumwambia mtu. Kwenye maziko walimwinua Lamara juu ndani ya simu, binamu mmoja alimshika kwa mikono miwili, juu ya vichwa vya watu, ili aone, na uso ule mdogo kwenye kioo ulikuwa unapiga mayowe bila sauti, mtandao ulikata sauti, na hapo ndipo Jumberi aliposema moyoni, basi, wewe huwezi kuja, mimi nitakuja, ndiyo maana hakungoja arobaini na moja.

"Mjomba," msichana wa nyuma anamgusa kiwiko, "uko sawa? Unataka maji?" na Jumberi anasema niko sawa, mwanangu, na kumbe machoni kuna kitu, anakifuta kwa ncha ya bahasha, ahsante mwanangu, na ahsante ile ikimtoka inavuta nyingine, kama mtu anayevuta uzi, ahsante Nanuli na mwiko wako, ahsante binti wa dirishani uliyetaka kuniokoa na ukaidi wangu, ahsante aliyekaa mahali nisipopajua akaandika kanuni kwamba mtu wa kwetu aingie siku tisini bila kuomba, ahsante Vardo, ndiyo, hata wewe, ulinitukana miaka miwili na nusu na nyumba ilikuwa na watu wawili badala ya mmoja... na hapo uzi unakwama kidogo, kwa sababu siku ile ya maziko, usiku huo huo, Lamara alipopata sauti, alimsimulia jambo, naye hakulisikiliza, alikuwa amechoka, alikuwa na hasira, ndiyo kwanza linamfikia sasa kana kwamba lilipanda basi dogo likachelewa njiani. Alisema, leo Bi Addolorata kakataa niguse chochote. Kaniambia keti. Kavaa nguo nyeusi, kaitoa mwenyewe kabatini, akaja na fimbo yake mpaka jikoni, akachemsha kahawa, nusu akaimwaga, akaniletea, akaniambia keti, leo wewe ndiye mgonjwa, mama yako ni mama yangu. Anasema atavaa nyeusi wiki nzima, Jumberi, kwa mtu asiyemjua. Naye Jumberi alijibu nini? Alijibu, kahawa gani sasa, Lamara, watu wamefiwa.

Siku ile mke wake alikuwa na mtu wa kumkalisha kitini. Angeweza kuwa peke yake kwenye sakafu ya bafu la watu na kitambaa mkononi, na hakuwa. Miaka yote hiyo Jumberi alikuwa akimhesabu yule bikizee upande wa wezi... na ni yeye aliyeandika, mwezi wa tatu, karatasi za Lamara zilipotoka hatimaye na Addolorata mwenyewe akawa hawezi tena kuachwa hata siku mbili, ni yeye aliyesema basi na aje mume, akamwamuru binti yake achape barua ya mwaliko kama inavyotakiwa, na nakala ya kitambulisho chake, na anwani, kwamba katika nyumba yangu kuna chumba cha mume wa Lamara kwa siku kumi, na chini yake sahihi, mistari mitatu iliyoteleza kutoka kwenye ukurasa, mkono wa mtu wa miaka tisini na moja. Nanuli aliitazama akasema, nzuri sana, itie chini kabisa, ukitaja mke wanasikia kazi, onyesha hoteli, na hoteli ile ni ya kuweka leo na kufuta kesho, chumba ambacho Jumberi hatakanyaga, barua ya kweli chini na karatasi ya uongo juu, na yeye akakubali, kwa sababu Nanuli alirudishwa na yeye hajarudishwa, ni nani ambishie profesa.

Anafungua bahasha. Anaivuta barua kutoka chini, anaiweka juu ya tiketi, juu ya bima, na karatasi ya hoteli anaikunja mara nne na kuitia mfukoni pamoja na tishu. Akiulizwa umekuja kufanya nini atasema, nimekuja kwa mke wangu, maneno hayo anayajua kwa lugha yao, Lamara alimfundisha kwa simu, na akiulizwa kuhusu ndevu atasema ni za mama mkwe, nilimzika, na kama kijana yule ana mama, ataelewa, na kama haelewi atamrudisha, ndege ile ile, kiti kile kile, basi Jumberi atakaa kwenye kiti hicho akiwa hajamkana mkewe wala yule bikizee mbele ya kioo, na kitabu kina miaka tisa bado, atakuja tena, na tena... hofu haijaondoka, iko pale pale chini ya kifua, ila imesogea kidogo kumpisha mwenzake, ile ahsante. Kule mbele mtoto ameanza kulia, mama yake bado anapekua, afisa ameegemeza shavu kwenye ngumi, anangoja, hakuna aliyesogea hata unyayo, na Jumberi sasa anashughulika na jambo jingine kabisa, gumu kuliko yote ya Nanuli, akivuka, akifika, mlango ukifunguliwa, aanze na nani, maana kwao ukiingia nyumba ya mtu unamsalimu kwanza mkubwa wa nyumba, hilo halina mjadala, basi itabidi ampite Lamara pale mlangoni, ampite, miaka kumi na mmoja, aende moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha bikizee, ainame, aubusu ule mkono, na Lamara nyuma yake, anamsikia tayari, mikono kiunoni, "wee Jumberi! mimi hunioni?", nakuona, Lamara, nakuona, ngoja kidogo nimalize hapa.