Ukuta wa Mbele

Kila asubuhi, kabla ya chai, Thirza Aldous alifungua vifuniko vya mbao vya madirisha ya chini, kumi na kimoja, akianzia sebuleni na kumalizia chumba cha kusomea cha baba yake. Kila komeo alilijua kwa mkono: hili la kusukuma, lile la kuinua kwanza, la tano la kubembeleza. Asubuhi hiyo ya Machi alilibembeleza la tano, akavuta ubao, akakutana uso kwa uso na mwanamume aliyesimama katikati ya mawaridi ya marehemu mama yake, ameuma penseli, anapima dirisha kwa utepe.

Thirza alipiga ukelele mdogo. Halafu, kwa kuwa alikuwa binti wa kasisi, akaomba radhi.

"Wa kuomba radhi ni mimi, bibie," mwanamume alisema nyuma ya kioo, akivua kofia. "Naitwa Catchpole. Nimetumwa na ofisi ya Askofu. Nachukua vipimo vya nyumba kabla haijabomolewa, angalau ibaki karatasini. Kumbe hamjaanza kufunga mizigo?"

Thirza aliushika ubao wa dirisha. "Kubomolewa? Lakini Baba alikataa. Aliandika."

Bwana Catchpole alifungua mkoba, akabandika barua kwenye kioo. Ulikuwa mwandiko wa baba yake. Thirza mwenyewe ndiye aliyeipeleka posta mwezi Januari, Askofu alipouliza kama wangehamia nyumba mpya ndogo karibu na kituo cha basi. *Nisingependa kuwa kikwazo kwa mipango yako,* Kasisi Aldous aliandika, *ingawa lazima nikiri kwamba tumeizoea kidogo nyumba hii.*

Ilikuwa barua kali kuliko zote alizowahi kuandika. Alikuwa ameisoma kwa sauti mara tatu. "Sijapita mpaka, Thirza?" Na Thirza akasema labda kidogo, Baba, lakini wacha wajue. Jibu lilipokuja, Askofu akishukuru kwa uungwana wao, walidhani wameshinda. Walifungua hata chupa ya divai ya Krismasi.

Askofu wa zamani, mzaliwa wa Suffolk kama wao, ambako "kidogo" humaanisha "sana", angesoma neno lile "kidogo" na kuwaacha miaka kumi. Lakini alishakufa, na katibu wa Askofu mpya alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyesoma maneno yalivyoandikwa. Pembeni ya barua alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Hana kipingamizi.*

Ilibidi mgeni akaribishwe ndani. Bi Garrod, mpishi wao, alimtilia chai katika kikombe chenye ufa.

"Kunywa upesi, bwana, kisije kikabomoka nacho," alimwambia.

Bwana Catchpole alikunywa, kisha akapima. Thirza alimshikia ncha ya utepe, kwa sababu hakujua namna ya kukataa. Mgeni aligonga ukuta wa mbele, akatabasamu kwa huzuni. "Mnaona? Matofali haya ni koti tu. Aliyeyajenga alikuta nyumba ya boriti ya miaka mia mbili, imepinda kila upande, akaifunika uso ulionyooka. Dirisha la katikati juu, chumba chake kipi?"

"Hakuna chumba," Thirza alisema. "Limechorwa. Nyuma yake ni dohani."

"Ili mbele pasionekane pengo." Alipapasa boriti moja nyeusi kama mtu anayempapasa ng'ombe. "Nyumba nzuri hii. Nzuri mno."

"Basi waambie!"

"Bibie, mimi ni mtu wa utepe. Kamati ilikaa Jumanne. Wameshatia saini."

Kasisi Aldous aliwapokea katika chumba cha kusomea, ambacho sakafu yake iliinama hata kalamu ikianguka ilibingiria yenyewe hadi kwenye meko ya kuotea moto. Chumba hicho kilikuwa na mlango wake wa pembeni, uliowekwa zamani ili wanakijiji waje na shida zao bila kupita ukumbini. Kwa miaka thelathini na moja watu walisimama pale kwenye mkeka, kofia mikononi, wakisema yale yaliyowashinda kusema kwingine.

Thirza alimtazama baba yake. Sema, alimwomba kimoyomoyo. Sema sasa.

"Umepata taabu kuja mpaka huku," Kasisi alimwambia mgeni. "Na upepo huu! Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, Mheshimiwa."

"Vizuri. Vizuri sana. Basi nikusindikize hadi getini."

Wakatoka. Thirza alibaki akikusanya vikombe, akimsikia Bi Garrod jikoni akiwatukana maaskofu wote mmoja mmoja. Geti lililia. Kisha kimya kirefu, hata akadhani baba yake ameingia kwa mlango wa mbele kama kawaida.

Mlango wa pembeni ukabishwa.

Alipoufungua, Kasisi Aldous alikuwa amesimama nje juu ya mkeka, kofia mikononi, nywele nyeupe zimetibuliwa na upepo. Hakuingia. Aliitazama sakafu iliyoinama, kisha akamtazama binti yake.

"Sitaki kuhama," alisema. "Ile barua, Thirza. Nilikuwa nasema hapana."