Mbata za Tanga

Mwaka ule wa 1953 mwenye duka wa Msambweni aliacha kununua mbata, zile nazi kavu za kukamuliwa mafuta. Iddi akasikia kwamba Tanga bei ingali nzuri. Alisema atakwenda kuuza huko, na asipopata mnunuzi atabaki akate mkonge mashambani. Mkewe, Mwanapili, alikuwa mjamzito na hakutaka abaki. Akafuatana naye mpaka Vanga, akimswaga punda aliyebeba magunia.

Karibu na mpaka wa Tanganyika walimkuta mama mmoja wa makamo ameketi juu ya magunia yake.

"Shikamoo, mama," Mwanapili alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mwaenda wapi?"

"Tanga, kuuza mbata," Iddi alijibu.

Yule mama akafunua mdomo wa gunia lake. Mbata tupu. "Mimi natoka Tanga. Nimeambiwa Msambweni wananunua."

"Aliyekuambia wewe ana undugu na aliyeniambia mimi," Iddi alisema. "Mwenye duka wetu asema Ulaya hawataki tena mafuta ya nazi."

"Na wetu kasema hayo hayo."

Iddi akacheka peke yake, kisha akauliza habari za mkonge.

"Mume wangu alikuwa huko mashambani. Bei imeanguka, wamemrudisha nyumbani na wenzake."

Siku zote Mwanapili alikuwa akiomba Iddi asiende. Sasa Iddi hana pa kwenda. Akaitafuta furaha moyoni, asiione; na huzuni nayo hakuiona. Aliwaza tu kwamba mbata zikilala kwenye umande zitaota ukungu. Akamgeuza punda kuelekea nyumbani, na Iddi akafuata.